Sufuria Zilizomfukuza Kahongya

Kule Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu akiona mwizi, anapiga sufuria. Akiona moto, sufuria. Wauaji wa porini wakisikika upande wa Beni, avenue nzima, mtaa wote, ni sufuria na filimbi juu yake. Basi asubuhi ile Kanyere alipokuta mlango wa uzio wazi na mtoto hayupo, alifanya kama kila mtu: alimwaga chini sombe yote, majani ya muhogo aliyokuwa anapika, akashika sufuria, akapiga.

Mlango aliuacha wazi yeye mwenyewe, tusimsingizie mtu. Alitoka kununua makala ya jikoni, dakika mbili tu. Gérard, mume wake, alikuwa ameenda Beni na mzigo wake wa vitunguu, na alimwambia waziwazi, "Kanyere, kufuli hapana kusahau." Akasahau. Binti yao Kahongya ana miaka saba, hasemi, haitiki jina, na akiona njia anaifuata mpaka njia ichoke. Jirani wanasema uchawi. Daktari alisema autisme, yaani usonji, halafu akaita mgonjwa mwingine. Hii ilikuwa mara ya nne kupotea tangu Pasaka.

Punde si punde avenue ikajaa. Sufuria, ndoo, madebe! Mama Syauswa, jirani aliyesema juzi kwamba mtoto wa hivyo anafungwa kamba, ndiye aliyepiga kuliko wote. Watu ndivyo walivyo.

Kanyere ndiye aliyemwona. Kahongya alikuwa kwenye mikaratusi, anarudi nyumbani polepole. Kelele zikamfikia. Akaziba masikio, akageuka, akakimbilia bondeni, kwenye mto Kimemi, na Kimemi ulikuwa umejaa maji ya mvua ya siku tatu.

"Acheni kupiga!" Kanyere alilia. "Ni sisi tunamufukuza!"

Nani wa kusikia? Walidhani ni uchungu wa mama, wakaongeza.

Akamkimbilia Melchior, shefu wa avenue, akampokonya filimbi mdomoni. Shefu, mbele ya watu! Lo!

"Mama Kahongya, uko na kichwa kweli?"

"Papa Melchior, anaogopa kelele. Mukipiga tena, ataingia mu maji."

"Na tukinyamaza? Kesho batasema avenue yangu ilinyamaza sababu iliuza mutoto."

"Baseme. Mimi nitabajibu. Nakuomba, papa." Akapiga magoti kwenye matope.

Melchior alimtazama, akainua mikono yote miwili. Sufuria zikanyamaza moja moja, ya Syauswa mwisho.

Wakashuka bondeni wote, sufuria wamezikumbatia kifuani kama watoto wachanga. Kahongya alikuwa amesimama ukingoni, maji yamefika magotini, viganja bado masikioni. Kanyere alitaka kumrukia. Akajizuia, maana mtoto akishtuka tu, mto unamchukua. Akangoja. Kungoja kwa namna ile humwombei hata adui. Moyo ulimpiga mpaka akaogopa kwamba mtoto atausikia.

Hatimaye Kahongya akashusha mikono. Akatoka majini, akapanda, akapita katikati ya watu kama anapita katika mahindi. Syauswa alinyoosha mkono amshike, Melchior akaushusha. Vigelegele vilimjaa Kanyere kooni, akauma kitenge chake kwa meno. Mtoto wake alikuwa hai. Kahongya akampita bila kumtazama, na mama akamfuata hatua tatu nyuma, akiibana furaha ambayo hakuthubutu kuitoa.