Sura ya Javan Getini

Mimi si mtu wa kubembeleza wateja, na mtaa mzima wa Baba Dogo unalijua hilo. Mteja akileta picha mbovu, namwambia ni mbovu. Nachora mabati ya chuma yenye matundu: vizuizi vya ngazi, kinga za madirisha, mageti. Nachora kwenye kompyuta, mwenzangu Aloo anakata kwa mashine ya leza, basi. Lakini Mzee Phares alipoingia karakanani na picha ya mwanawe, ameifunga kwa kitambaa, hata mimi nilimvutia kiti.

"Ni kijana wangu, Javan," alisema. "Alituacha ghafla mwezi wa tatu. Tulimzika nyumbani, Vihiga. Sasa mama yake yuko huku jijini, Njiru, hana hata kaburi la kulilia. Hasemi, hatoki chumbani. Nimesikia nyinyi hutoa sura ya mtu kwenye chuma. Niwekee getini, msichana wangu. Pengine atatoka amwone."

Matumaini yote ya mzee yalikuwa kwenye hilo geti. Nilimhurumia. Sikuuliza hiyo ghafla ni ghafla gani. Mfiwa hahojiwi, ukipewa neno unalipokea, unasema pole.

Nikaiingiza picha. Programu huigawa vipande vidogo, kila kipande kikawa tundu: penye giza tundu kubwa, penye mwanga tundu dogo. Wewe unapanga nafasi kati yake, chuma kisije kikalegea kama chandarua. Kisha unaiambia kompyuta mtazamaji amesimama wapi, nayo inakuonyesha atakachokiona. Akiwa karibu haoni kitu ila matundu. Akirudi nyuma, mtu anajitokeza.

Nilimweka mtazamaji ng'ambo ya barabara. Javan akatokea, kichwa kimeinama kidogo, anakaribia kucheka. Mzee Phares alishika ukingo wa meza.

"Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa."

"Lakini uso iko dull, haina vivuli," Aloo akadakia nyuma yetu. "Kanyiva, weka mashimo kubwa hapo kwa paji na kwa shingo. Atatoka fiti."

Nikaongeza, na kweli kijana akazidi kupendeza. Nilijivuna, sifichi. Sikuwahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Tulilifunga geti kwa bolti nyumbani kwa mzee asubuhi ya Jumamosi. Mimi na mzee tukavuka barabara, tukasimama pale ambapo sura ilionekana vizuri. Mzee akampigia mkewe simu.

"Mama Javan, toka kidogo. Kuna kitu nataka ukione."

Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Nilikuwa nimemchorea mpita njia. Mama mtu alikuwa anatoka ndani ya nyumba, na ua wenyewe ulikuwa mwembamba, hatua chache tu kutoka mlangoni hadi getini.

"Ametoka!" Mzee alinishika mkono kwa nguvu. "Kanyiva, ametoka!"

Tulimwona kupitia uso wa mwanawe: leso ya bluu aliyojifunga, kisha mkono. Alisogea hadi akaligusa bati. Akaingiza kidole kwenye tundu la paji, kikatokea upande wetu. Akakitoa. Akakiingiza kwenye la shingo.

"Mama, rudi nyuma kidogo!" nilipaza sauti. "Ukiwa karibu hivyo hutamwona!"

"Namwona," alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaitumia kwa muda mrefu. "Nilimwosha mimi mwenyewe kule mochari. Najua zilipoingia. Baba Javan, zile risasi hazikumtosha, ukaenda kumwongezea?"

Mzee aliniachia mkono. Tukaona leso ya bluu ikirudi, ikipungua tundu kwa tundu, kisha tukasikia komeo la mlango.

Nilimgeukia kwa hasira. Sijui nilimkasirikia yeye zaidi au nilijikasirikia mimi.

"Risasi, baba? Kwa nini hukuniambia? Nisingemtoboa mtoto wa watu!"

"Ningekwambiaje?" alisema. "Ukisema mtoto alipigwa risasi, watu huuliza kwanza aliiba nini. Javan alikuwa ameenda kununua maziwa. Nimechoka kulieleza hilo."

 

Alivuka barabara bila kutazama magari. Akavua koti, akalitundika juu ya uso wa mwanawe. Halikutosha. Paji lilifunikwa, shingo ikabaki wazi. Akalivuta chini, paji likafunuka. Mwishowe akaliacha, akajibana kwenye bati, viganja amevitandaza, akijaribu kuziba matundu yaliyobaki.

Nikachukua spana, nikaenda kufungua bolti za geti.