Kufyeka Upepo

Juvenali alikuwa mtu wa jembe. Mashine ya kufyekea nyasi aliiachia mkewe, Domisiana, aliyefyeka uwanja wa kanisa na nyua za majirani pale Mbuba mpaka watu wakamwita Mama Mashine. Juvenali mwenyewe aliitazama kwa mbali, kama mzinga wa nyuki.

Sasa Domisiana alikuwa amelala nyuma ya migomba, na kesho yake watu wangekuja kuanua matanga. Nyasi za kaburini zilifika magotini. Majirani walitaka kuja na mapanga, Juvenali akakataa. Kaburi la Mama Mashine lingefyekwa kwa mashine yake, tena na mumewe. Hakuona kingine alichobakiwa nacho cha kumfanyia.

Taabu ni kwamba siku za matanga chombo cha marehemu hakiguswi hadi siku moja kabla ya kuanua. Jembe likikaa halidhuriki, lakini mashine ni kitu kingine.

"Mzee, petroli ikilala humo inakuwa gundi," Wiston, fundi wa Kabanga, alimwambia. "Inaziba kabureta. Hiyo umeshaiua."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuta kidonda. Asubuhi ya kwenda hospitali, Domisiana alisema ni vipimo tu, atarudi kabla maharage hayajakomaa. Juvenali akabaki na maharage. Mkewe hakurudi. Alimlilia, na chini ya kilio kulikuwa na hasira: mtu gani huondoka kwake bila kuaga?

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kuondoka, Domisiana alikuwa amewasha mashine uani, ikanguruma weee, wala hakuna alichokata. Juvenali alimtania kutoka mlangoni.

"Mama Keza, unafyeka upepo? Petroli inauzwa, haichotwi mtoni."

Domisiana alicheka, akaiacha ingurume mpaka ikazimika yenyewe.

Binti yao Keza, aliyefika jana yake kutoka Biharamulo, aliitoa mashine stoo. Juvenali alifungua tangi huku amekunja pua, tayari kwa harufu ya petroli iliyooza. Tangi lilikuwa kavu. Plagi ilikuwa imesuguliwa. Sponji ya kuchuja hewa ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na kuviringishwa katika kipande cha kitenge.

"Mama alikuwa anafanya hivi kila mara?" Keza aliuliza.

"Kusafisha, kila Jumamosi. Lakini kuikausha mafuta, hapana. Hiyo ni ya kiangazi, akijua italala muda mrefu."

Akasikia alichokisema. Domisiana aliondoka katikati ya masika, nyasi zikiota mchana na usiku.

Aliketi chini, sponji mkononi.

"Alijua," alisema. "Aliniaga, Keza. Mimi nikamsemea petroli."

Alilia mbele ya bintiye bila kuona haya. Hasira ile aliitafuta asiione; kilichobaki kilikuwa kizito zaidi, ila kilikuwa chake. Kisha alichanganya petroli na oili, akarudisha sponji mahali pake, akavuta kamba. Mashine ilikohoa, ikanyamaza. Alipovuta tena ikawaka.

Alifyeka vibaya, huku kipara, huku kishungi, lakini alimaliza kaburi lote. Halafu hakuzima. Alisimama pale ameishika, ikinguruma bila kukata kitu, mpaka ikanywa tone la mwisho na kuzimika yenyewe. Keza alisimama naye.