Kitufe cha Kuruhusu

Nianze kwa kusema kwamba sijawahi kumpenda Wakili Teodori, ili msije mkanitafutia visingizio huko mbele. Watu wa Sumbawanga wanampenda. Kanisani anakaa benchi la mbele, msibani anapewa kiti chenye mgongo, na kwa miaka thelathini na moja ya uwakili hajapata kufika mahakamani na kola iliyokunjamana. Mimi na yeye tulianza vibaya, na kosa la kwanza lilikuwa lake.

Nilipomaliza shule ya sheria nilifanya mazoezi ya kazi ofisini kwake. Ili uapishwe unatakiwa uwe na barua za mawakili wawili wanaothibitisha kwamba una tabia njema. Ya kwanza niliipata. Ya pili nilimwomba yeye, kwa sababu ndiye aliyeniona kila siku nikibeba majalada yake, nikichapa hati zake, nikimkumbusha tarehe za kesi alizozisahau. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sikuwa na mume. Akanikalisha kwenye benchi la wateja Jumatatu tatu mfululizo. Jumatatu ya tatu akaniita ndani, mbele ya makarani wawili na mama mmoja aliyeleta shauri la mirathi, akaniambia, "Coleta, mitihani umefaulu yote. Lakini hii karatasi haiulizi mitihani." Akanirudishia karatasi nyeupe kama nilivyompa. Niliapishwa mwaka mmoja na nusu baadaye, kwa barua ya wakili wa Mbeya aliyeniuliza maswali ya sheria tu.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Wakili Teodori tukikutana kwenye korido za mahakama namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, kama vile ile karatasi aliiota mtu mwingine. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikuumiza na akakumbuka, angalau mnagawana mzigo. Huyu aliniachia wote.

Sasa chama chetu cha mawakili kina utaratibu. Kila mwaka mwanachama anatakiwa akusanye alama za mafunzo, la sivyo leseni yake haihuishwi. Zamani mafunzo yalikuwa Dar es Salaam au Arusha, na sisi wa Rukwa tulikuwa tunamaliza siku mbili njiani kwenda kumsikiliza mtu akitusomea karatasi ambayo tungeweza kuisoma wenyewe. Baadaye chama kikatuonea huruma, mafunzo yakahamia mtandaoni. Kwa hilo sitakisema vibaya. Unakaa ofisini kwako, blanketi magotini kwa hii baridi yetu, unamsikiliza jaji mstaafu akiwa sebuleni kwake na kuku wake wakipita nyuma, na alama unazipata.

Kila mkoa ukapewa mratibu wake, na wa Rukwa ni mimi. Kazi yenyewe si ngumu. Mwanachama akijiunga, jina lake linatokea pembeni mwa kioo cha kompyuta yangu. Nalilinganisha na orodha ya mawakili, nabonyeza kitufe cha kuruhusu, anaingia, na mfumo unaanza kumhesabia muda. Jina lisilo kwenye orodha silifungulii mpaka nijiridhishe ni la nani. Kanuni ndivyo ilivyo, na sikuitunga mimi.

Wakili Teodori hakuwahi kuelewana na kompyuta. Hadi Desemba alikuwa amepata alama pungufu, akabakiwa na darasa moja tu la mwaka, lile la mwisho. Siku moja kabla akanipigia simu. Akaniambia atatumia kompyuta ya Rozina, mkwe wake, fundi cherehani mwenye duka lake karibu na soko, na Rozina ndiye atakayemfungulia. Akaniomba nimwangalie vizuri asije akapotea huko ndani, kwa sababu Januari ana rufaa nzito ya mjane mmoja na bila leseni hawezi kuisaini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mjane mwenyewe nilimfahamu kwa sura, anaitwa Minza. Yeye na marehemu mumewe, Ngeleja, walihama na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakafyeka pori bondeni, wakapata shamba la ekari arobaini. Ngeleja alipofariki, mdogo wake Masanja akasema shamba ni la ukoo na mwanamke ni mpita njia. Baraza la ardhi likampa ushindi Masanja. Mawakili wawili walimkatalia Minza kabla hajafika kwa Wakili Teodori, na Wakili Teodori alimpokea na kumwambia shauri lake lina mashiko. Lilikuwa na mashiko kweli. Nimesoma jalada lile baadaye, nikaona kwamba hata mimi ningelishinda.

Siku ya darasa mvua ilianza alfajiri. Saa tatu kamili asubuhi majina yakaanza kubisha hodi. Basil, wa kule Kasanga, nikamruhusu. Fabiani, kijana mwenye ofisi jirani na yangu, nikamruhusu. Bertilla, nikamruhusu. Saa tatu na dakika nne likaja jina ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote ya mawakili wa nchi hii: Rozina Mitindo.

Nilijua ni yeye. Nisidanganye, nilijua kabla sijalimaliza kulisoma. Nikasema moyoni, ngoja akae dakika kumi. Dakika kumi tu, aonje. Mtoa mada akaanza kueleza habari za ushahidi wa kielektroniki, nami nikawa naandika hili na lile, na kila nilipoinua macho jina lilikuwa pale pale. Zilipotimia dakika kumi nikamwongezea ishirini. Nilikuwa nasikia raha, na nasema wazi kwamba ilikuwa raha, ile ya kukuna kipele. Zilipopita dakika arobaini raha ikaanza kwisha, lakini hapo tena ningemfungulia vipi? Angeingia na kuuliza mbele ya wote kwa nini amewekwa nje muda wote huo. Basi nikaacha.

Nilichokuwa nakingojea ni simu yake. Angepiga mara moja tu, ningesema samahani mzee, jina limenichanganya, na ningembonyezea. Hakupiga. Rozina alinisimulia baadaye kwamba mzee alikaa mbele ya kioo kwa saa tatu, amevaa suti nyeusi na kola yake nyeupe, mikono juu ya meza, na kila alipomwambia ampigie mratibu alikataa. Alisema wakili hapigi kelele koridoni. Unafika, karani anakuandika kwamba umefika, unangoja uitwe, na usipoitwa bado umeandikwa. Miaka thelathini na moja mahakama imemfundisha hivyo. Kesi ya saa tatu inaitwa saa nane na hakuna anayeuliza.

Saa sita mchana darasa likaisha. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika ya kulifunga wakati kuna mtu mmoja bado anasubiri. Nikabonyeza ndiyo.

Ndipo akapiga. Akaniuliza kama wamemaliza, nikasema wamemaliza, mzee. Akanishukuru, akasema siku hizi watu ni wengi, hata mtandaoni kuna foleni. Hakuuliza kama alihesabiwa, na mimi sikumwambia. Wiki iliyofuata Rozina akamlipia ada ya mwaka, risiti ikaja, na yeye akaichukua kuwa ndiyo leseni yenyewe. Mwisho wa Januari, siku mbili kabla muda wa kukata rufaa haujaisha, akaisaini rufaa ya Minza na kuiwasilisha.

Sikumwambia mtu. Naapa kwa hilo, ingawa sijui linanisaidia nini. Fabiani ndiye aliyekuwa wakili wa Masanja, na Fabiani ni kijana anayepekua. Aliingia kwenye orodha ya chama, akatafuta jina la mzee kati ya wenye leseni hai, asilione. Machi, rufaa ilipoitwa mbele ya jaji, Fabiani akasimama na pingamizi la awali: hati ya rufaa imesainiwa na mtu ambaye siku ile hakuwa na leseni, kwa hiyo kisheria hakuna rufaa.

Nilikuwepo mahakamani, nangojea shauri langu. Minza alikaa nyuma kabisa, kitenge begani, anatazama midomo ya watu. Wakili Teodori akasimama taratibu. Akaeleza kwamba alihudhuria mafunzo ya mwisho wa mwaka, alikaa saa tatu nzima, na kama kuna dosari basi ni ya kumbukumbu. Akageuka, akaniona, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyemwona ndugu yake stendi ya ugenini. "Mheshimiwa Jaji, mratibu wa mafunzo yumo humu ndani. Anaweza kuthibitisha."

Jaji akanitazama. Nikasimama. Ningeweza kusema mambo matatu au manne, na yote yangekuwa kweli. Nikachagua hili: "Mheshimiwa, jina la Wakili Teodori halimo kwenye orodha ya waliohudhuria."

Sikusema uongo. Mzee akabaki amesimama, mdomo wazi kidogo, akisubiri niendelee, kwa sababu aliamini kuna sentensi nyingine inakuja. Nikakaa. Fabiani akainama kuficha tabasamu. Jaji alisikitika kweli, alisema hivyo, kisha akaitupa rufaa. Wiki mbili baadaye Masanja aliingiza trekta katika mahindi ya Minza yaliyokuwa yamefika kifuani. Maombi ya kuongezewa muda yangechukua miezi, na kabla hata hayajaandikwa Masanja alikuwa ameshauza nusu ya shamba. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Langu lililiwa na mtu ambaye si wa kwangu.

Aprili Wakili Teodori akaja ofisini kwangu. Nilipomwona mlangoni nilifikiri amekuja kunitukana, na nikajiandaa. Nilikuwa na maneno yangu ya miaka tisa. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa simu mpya aliyonunuliwa na Rozina. Alisema hataki kurudia kosa. Mwaka huu anataka kuanza masomo mapema, arudishiwe leseni, akamwombee Minza ule muda wa kukata rufaa upya. Minza mwenyewe alikuwa amekuja naye, amesimama koridoni, amekataa kukaa. "Nifundishe polepole," akasema. "Nina umri wa babu yako."

Nikafungua darasa tupu la majaribio kwenye kompyuta yangu. Nikamwonyesha pa kuandika jina, akaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Akabonyeza kujiunga. Pembeni mwa kioo changu jina lake likatokea. Akavaa miwani, akasogea, akalitazama kwa furaha ya mtoto.

"Hilo ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Lakini mimi bado sijaingia."

"Bado. Mpaka nikuruhusu."

Akaangalia simu yake, akaangalia kioo changu. "Kwa hiyo wewe uliye ndani unamwona aliye nje."

"Ndiyo."

"Muda wote?"

Ningeweza kusema hapana. Sijui kwa nini siku hiyo, kati ya siku zote, ulimi wangu ulikataa. "Muda wote, mzee."

Alivua miwani akaikunja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona anakumbuka. Niliona kabisa ile karatasi ikimrudia, na mimba yangu, na makarani. Nilikuwa nimeingoja sura hiyo miaka mingi. Ilipokuja haikunipa chochote.

"Mimi ningestahili," akasema. "Ungenifungia hata mwaka mzima. Yule mama alikukosea nini?"

Akasimama, akatia simu mfukoni. "Kila siku ananiuliza nilikosea wapi, namwambia sijui. Nenda ukamwambie wewe. Mimi siwezi kumtazama."

Nikatoka. Minza alikuwa ameegemea ukuta, viatu vya plastiki vimejaa tope la safari. Aliponiona akajiweka sawa, akashika kitenge chake kwa mikono miwili. Akaniuliza kama mzee ameelewa sasa, na kama mimi ndiye ninayejua kilichotokea siku ile, kwa sababu watoto wake wanamwuliza na yeye hana la kuwaambia.

Nilikuwa na ukweli wote mdomoni. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nyuma yangu, na mzee alikuwa anasikia.

"Ilikuwa shida ya mtandao, mama," nikasema.

Minza akaitikia kwa kichwa, taratibu. Mtandao alikuwa anaujua, hata huko bondeni unawasumbua. Akanishika mkono, akanipa pole, akasema kazi zetu hizi ni ngumu, Mungu atusaidie.