Anayekushikia Ni Nani?

Jino lilianza kuuma Jumanne, katikati ya mazoezi ya bendi. Mpiga tarumbeta, ambaye wenzake walimwita Pumzi kwa sababu aliweza kuishikilia sauti moja mpaka wao wakavua kofia wakajifuta jasho, aliishusha tarumbeta, akayapapasa meno ya mbele kwa ulimi, akaipandisha tena. Aliendelea hivyo kwa majuma manne. Harusi mbili, mahafali moja, mazishi matatu. Nyumbani alitafuna kwa upande mmoja na kunywa chai iliyopoa, na mkewe alipomuuliza, akasema ni hewa ya baridi tu.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu astaafu kazi ya kupika shuleni, hakuwa mtu wa kudanganywa na hewa.

"Mwanaume mzima analalia shavu moja kama ananong'onezwa na mto," alimwambia bintiye, kwa sauti ya kuhakikisha inafika sebuleni.

Yeye na tarumbeta hawakuwahi kupatana. Alikuwa akisema kupuliza ni kuwasha moto, kazi ni kile kinachopikwa.

Mke akamwekea Pumzi miadi kwenye kliniki ya kulipia. Ilikuwa kliniki nzuri kwelikweli. Viti havikulia ukivikalia, samaki walizunguka kwenye tangi la kioo, na daktari kijana alimsalimia kabla ya kumwangalia mdomo. Akampiga picha ya meno, akaitazama, akasema jino la mbele limekwisha. Waling'oe, wapandikize la bandia, kisha akae miezi sita bila kupuliza.

"Na baada ya hapo?"

"Utacheka vizuri."

"Kupuliza je, daktari?"

Daktari akavua glavu. Alikuwa kijana mkweli. "Hilo siwezi kukuahidi. Hapa nina robo saa kwa kila mtu. Mdomo ungekuwa wangu, ningeenda hospitali ya serikali, chumba namba tisa. Aliyenifundisha kazi yuko pale." Pumzi alipofika mlangoni, akaongeza, "Nenda na mtu. Sindano za ganzi hawana."

Alhamisi mke alikuwa kazini, kwa hiyo akasindikizwa na mama mkwe. Walifika saa moja asubuhi, wakakuta benchi limejaa na watu wengine wamesimama ukutani. Muuguzi alikuwa akipita na daftari. Alimwuliza kila mgonjwa jina, umri, jino linalosumbua, halafu swali la nne.

"Anayekushikia ni nani?"

Tangu sindano za ganzi ziache kuletwa, yapata miaka miwili, maumivu ya mgonjwa yalihamishiwa kwa mtu mwingine mpaka daktari amalize. Masharti yalikuwa yamebandikwa mlangoni kwa gundi ya karatasi: mjamzito hashiki, mwenye presha hashiki, mtoto hamshikii mkubwa. Pembeni ya benchi fundi seremala mmoja alikuwa amekumbatia shavu lake huku machozi yakimtiririka, na kupitia mlango ulioachwa wazi nduguye alionekana kitini akiwa ametulia, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Ni mimi," mama mkwe akasema.

"Mama, hapana, tutafute mtu mwingine." Pumzi aliona aibu. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, si wa kutwikwa jino.

"Nimeepua masufuria ya watoto mia nne kwa miaka thelathini, wewe baba. Jino moja litaniunguza nini?"

Muuguzi akaandika.

Daktari wa chumba namba tisa alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na wagonjwa walimwita Mama Taratibu. Taa ya kiti ilikuwa imekufa, kwa hiyo kiti kilisogezwa dirishani, na muuguzi alishika kioo cha kurudisha jua mdomoni. Daktari aligonga jino moja baada ya jingine kwa mpini wa chuma, akisikiliza kila moja kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba za mtaa mzima. Kisha akatazama mkoba uliokuwa sakafuni.

"Humo kuna nini?"

"Tarumbeta. Mchana nina mazoezi."

"Itoe. Puliza."

Alipuliza. Daktari akaweka kidole juu ya mdomo wake. "Tena. Ishushe sauti kidogo. Hapohapo, shikilia." Kwenye benchi nje watu waliacha kuugua ili wasikilize. Kidole kikahama taratibu kutoka katikati kuelekea pembeni, kikasimama.

"La mbele ni zima," Mama Taratibu akasema. "Linasingiziwa. Mwenye kosa ni chonge hii, mzizi umeoza, kelele inapigia kwa jirani. Tutausafisha, tutauziba, na hutang'oa kitu."

Pumzi akaishusha tarumbeta mapajani. Kwa majuma manne alikuwa amekwisha kuyazika maisha yake mara nyingi.

Daktari akaweka kiganja kimoja kwenye shavu lake, kingine kwenye shavu la mama mkwe. Maumivu yakavuka. Pumzi alibaki na ladha ya mpira wa glavu tu. Mama mkwe alinyooka mgongo, akakamata ukingo wa meza.

"Haya yote?" akauliza.

"Pole, mama."

"Wiki ngapi?"

"Nne."

"Na yale mazishi ya Jumamosi ulipuliza nayo?"

"Ndiyo, mama."

Akafumba macho. "Nilikuwa mstari wa mbele. Nikamwambia jirani, huyu mkwe wangu anajitia huzuni." Jasho lilimshuka shingoni, na alihema kama anayebeba maji kupanda mlima.

Kazi ilichukua saa moja na dakika ishirini. Daktari hakuharakisha. Sindano zake za kusafishia mzizi zilikuwa nyembamba kama unywele, chakavu lakini safi, na kila alipoichukua nyingine aliikagua kwanza kwenye jua. Alipomaliza, maumivu yalikuwa yamebaki kama punje ya mchele. Akataka kuirudisha kwa mwenyewe.

"Nusu iache kwangu," mama mkwe akasema. "Nyama zenyewe sitafuni siku hizi."

Nje, mfua nguo mmoja alikuwa amekuja peke yake na gego lililovimba. Muuguzi akauliza nani anaweza kumshikia. Pumzi akaketi kwenye benchi, akakubali.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka makao makuu, amevaa suti, amebeba faili. Daktari alimletea mlangoni nakala za barua zake za kuomba ganzi, ishirini na sita, moja kwa kila mwezi. Mkaguzi alizipitia kwa heshima. Akahesabu waliokwisha kutibiwa asubuhi ile, akatazama vyombo, akasifu usafi, na sifa hizo zilikuwa za kweli. Akamsogelea Pumzi.

"Unahudumiwa vizuri, ndugu?"

Pumzi, akiwa na gego la mtu mwingine limewaka kichwani, aliweza kuitikia kwa kichwa tu. Mkaguzi akaandika, kwa mwandiko mkubwa uliosomeka hata kwa waliosimama: Huduma inaendelea bila malalamiko. Ganzi iondolewe kwenye orodha ya mahitaji. Akaaga, akaenda kukagua chumba namba kumi.

"Ya ishirini na saba nitaituma Ijumaa," Mama Taratibu akasema, akarudi dirishani. "Aliyeshika, vumilia. Bado mzizi mmoja."

Mama mkwe akasogeza mkoba wa tarumbeta, akaketi karibu na Pumzi, akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya posa.

"Lia tu, mwanangu," akamwambia. "Si lako hata hivyo."