Hodi ya Tatu

Mume wangu Chonga aliandika riwaya kwa miaka minane, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu ndani yake aliyetaka kitu. Nasema haya mimi niliyeisoma. Ilikuwa na arusi nne, kipindupindu, mbuzi aliyepelekwa mahakamani kutoa ushahidi, na meli iliyozama ukurasa wa mia mbili ikaonekana tena ukurasa wa mia tatu na kumi bila maelezo. Lugha ilikuwa tamu, sikatai. Lakini watu wake walizunguka Mombasa nzima wakisalimiana, wakiulizana hali za nyumbani, kisha wakaagana.

Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa Mei, barua ikaja kutoka kwa wachapishaji Nairobi. Mhariri alizisifu methali, akamsifu mbuzi, halafu akaandika: "Tumefika ukurasa wa 412 bila kujua mtu wako anataka nini na nani anamzuia. Tafuta swali moja tu ambalo msomaji hawezi kulala bila kupata jibu lake, kisha utuletee tena."

Mtu mwingine angekaa akafikiri. Chonga alianza kulitafuta hilo swali kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikwenda Marikiti akawauliza wauza mboga wao hujiuliza nini siku nzima; wakamwambia wanajiuliza mbona anabonyeza nyanya na hanunui. Alikwenda kituo cha polisi kupiga ripoti kwamba kuna swali limepotea. Askari wa zamu alimuuliza lina rangi gani na mara ya mwisho lilionekana wapi, na Chonga akaona maneno hayo yana maana kubwa, akayanakili. Nyumbani kwetu Bondeni akajaza maswali ya chaki kila mahali. Kabatini aliandika "Nani alilifungua?" Ukutani juu ya jiko aliandika "Je, atarudi?" Nilipika chini ya "Je, atarudi?" kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili hakuniuliza hata mara moja kama nimekula.

Siku moja nikamaliza kupika, nikaketi mbele yake.

"Chonga, hebu nitazame. Nikifunga nguo zangu yeo nikenda kwetu, utakuya kunitwaa?"

Akainua kichwa. Macho yalimng'aa kama siku ya arusi yetu. Kisha akaichukua kalamu.

"Swali zuri hilo," akasema. "Hebu lirudie polepole."

Nikafunga nguo zangu.

Kwetu ni Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nyumba yenye mlango mzito wa mbao na baraza la mawe pembeni. Mama yangu, Bi Mwanakhamis, hakuniuliza kitu, alinitandikia kitanda. Kesho yake saa nne za asubuhi tukasikia sauti nje.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Chonga. Moyo wangu uliruka, sisemi uongo. Nilikwisha kufumbua kinywa nimwitikie, mama akainua kidole kimoja kunizuia. Mwanamke aliyeondoka kwa hasira haitikii hodi ya kwanza.

"Hodi!"

Mama akainua kidole cha pili. Tukawa tunangojea ya tatu, nami nimeshajifunga leso vizuri. Kila mtu anajua kwamba hodi ni tatu. Ukibisha ya tatu usipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, wala hung'ang'anii mlango wa watu. Hiyo ndiyo adabu.

Ya tatu haikuja. Niliosha vyombo, nikavipanguza, haikuja. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Chonga alikuwa amesimama mbele ya kizingiti, daftari mkononi, anaandika.

"Mumeo yuwafanyani hapo nde?" mama akauliza.

"Siyui, mama. Yuwaandika."

Adhuhuri alikwenda kuswali, akarudi akasimama palepale. Alasiri hivyo hivyo. Baada ya isha akaenda nyumbani, na asubuhi tukamkuta mlangoni. Alikuwa karani katika kampuni ya kupakua mizigo bandarini, na kumbe alikuwa ameomba likizo yake yote ya mwaka, siku ishirini na moja, aje kusimama.

Mambo yakaacha kuwa yetu peke yetu. Mtu mwingine akibisha pale, si itakuwa ndiyo ya tatu? Muuza samaki alipofumbua kinywa, Chonga alimziba kwa kiganja. Wageni wa mama wakaanza kuingilia mlango wa jikoni. Hata majirani waliogopa kubishiana hodi, maana kichochoro ni chembamba na sauti haichagui mlango. Wakaanza kukohoa badala yake. Ukifika kwa mwenzio, unakohoa. Wa ndani naye anakohoa kukukaribisha. Kufikia siku ya nne, kichochoro chetu kilikuwa kinakohoa tangu alfajiri hadi usiku, na siku ya tano bwana afya akaja na sanduku la dawa kuuliza nani aliyeanza kuugua. Wakamwonyesha Chonga. Akampima kifua, akakikuta kizima. Alipoelezwa kisa, akalifunga sanduku polepole.

"Kwani huyo mke yumo ndani kweli?" akauliza, na akasimama nusu saa kuangalia.

Wazee wa barazani waligawanyika. Noormohamed, mwenye duka la vinyago mkabala nasi, alishikilia kwamba hodi ikishabishwa haichakai, kwa hivyo zile mbili za siku ya kwanza zingali hai na imebaki moja. Hawabai, jirani yetu wa ghorofani, alimjibu kutoka dirishani kwake.

"Hodi ya jana ni kama maziwa ya jana, Noormohamed! Weye waweza kuyanywa?"

Mwongoza watalii mmoja alianza kuwaleta wazungu kutoka Ngomeni. Aliwaambia kwamba yule bwana analinda mlango kwa kurithi, kama babake na babu yake. Wakampiga picha. Chonga hakuwakatalia, alitengeneza kola.

Na mimi je? Mimi nilikuwa natokota. Nilijua vizuri anachofanya. Swali alikuwa amelipata, nalo lilikuwa langu, na sasa alikuwa amelisimamia mlangoni pa mama kusudi lisijibiwe. Maadamu hajabisha, hakuna anayejua kama atanichukua. Msomaji hawezi kulala. Wala mimi sikuwa nalala, lakini nani alikuwa ananifikiria mimi? Nilikuwa nampenda yule mtu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Siku ya sita, baada ya alasiri, karatasi kumi zikapenyezwa chini ya mlango. Sura ya kwanza. Mwanamume amesimama mbele ya mlango, amebisha hodi mbili.

Niliapa sitasoma. Nilisoma nimesimama, mwiko mkononi, na Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri. Hakukuwa na mbuzi wala meli. Kulikuwa na mtu mmoja anayetaka kitu kimoja, na ubao wa inchi mbili mbele yake. Mama, ambaye husoma maandishi ya Kiarabu tu, alinitaka nimsomee kwa sauti, akaipua chungu ili kisitusumbue. Nilipomaliza akakirudisha chungu motoni.

"Na huyu mwanamke wa ndani," akasema, "yeye yuwataka nini?"

"Hayakuandikwa, mama."

"Sikuuliza yaliyoandikwa."

Nikajifanya naangalia mchuzi.

Kuanzia siku hiyo karatasi zilikuja kila alasiri, nami nikishazisoma nazisukuma nje, naye anazirudisha daftarini. Nilijikuta nikimaliza kazi mapema ili nikae karibu na mlango. Mwanamume wa kwenye karatasi alikuwa anakumbuka mambo: jinsi mkewe anavyokoroga chai kushoto, jinsi anavyocheka akificha jino lililovunjika. Sikujua kama Chonga amewahi kuliona jino hilo. Nilikasirika upya. Mtu ameyaona yote hayo miaka yote, na hakuwahi kuniambia hata moja mpaka tukawa na mlango katikati.

Siku ya kumi mvua ya masika ilimwagika tangu asubuhi. Alasiri ikafika, karatasi hazikuja. Nilingoja. Niliketi sakafuni nikapitisha vidole chini ya mlango, nikagusa maji tu.

"Chonga! Karatasi ziko wapi?"

Sauti yake ikaja, chini kabisa, naye amechutama upande wa pili.

"Hakuna. Nimekwama, Mejumaa. Siyui mtu huyu atafanyani."

"Mtu huyu ni weye!"

"Ndiyo maana siyui."

Ghorofani Hawabai alizima redio. Hakuna aliyekohoa.

"Bisha basi!" nikasema. "Imebaki moja tu. Yakushinda nini?"

"Nikibisha ya tatu usiniitikie, itanipasa niende. Na nikenda, nimekwenda." Nikamsikia akikamua shati. "Mwanzo nalisimama kwa ajili ya kitabu, wallahi sikufichi. Siku ya tatu miguu iliniuma hata kuandika sikuweza. Nikajiambia, haya, nenda nyumbani usirudi. Nikarudi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Hivi sasa angalau bado sijaondoka."

Nilimtazama mama. Safari hii hakuinua kidole. Alichukua ushungi wake akaingia jikoni, akaniacha peke yangu na mlango, na lile swali lake likanirudia. Siku kumi nilikuwa nauliza kama mtu huyu atanichukua. Hata siku moja sikujiuliza kama nikichukuliwa nataka kwenda. Niliogopa nami, na nilipoogopa ndipo nilipojua kwamba nataka.

Nikavuta komeo.

Alisimama upesi. Mvua ilikuwa inamtiririka puani na midomo ilikuwa inamtetemeka. Daftari alikuwa amelifunga vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, limo kifuani mwake, kavu kabisa. Nilitamani kuufunga mlango tena.

"Karibu," nikasema.

"Sijabisha ya tatu."

"Nayua. Karibu."

Akaangalia kizingiti, akaangalia mfuko. Nyuma yake watu walikuwa wamejaa chini ya kibaraza cha duka la Noormohamed, na bwana afya yumo, japo ni siku yake ya mapumziko.

"Mejumaa, nikiingia kitabu kimekwisha. Ni kurasa hamsini tu. Hakuna mtu atakayechapa riwaya ya kurasa hamsini."

"Hawatachapa," nikasema.

"Bwana Chonga, fikiri vizuri!" Noormohamed akapiga kelele. "Siku moja zaidi! Mbili!"

"Ingia, mjinga wee!" Hawabai akamjibu kutoka juu, na sauti ilikuwa ya kilio.

Mke anaweza kufungua mlango. Hawezi kumvuta mume kwa sikio akaiita hiyo kuja kuchukuliwa. Mkono wangu niliuacha kwenye komeo. Chonga alisimama. Niliona macho yake yakienda kwenye daftari, yakirudi kwangu, yakienda tena. Miaka minane ilikuwa mle ndani, na mara hii riwaya ilikuwa nzuri, na mimi niliyeisoma nilijua kwamba ilikuwa nzuri.

Akaifungua nailoni. Akalitoa daftari, akaliweka juu ya baraza, wazi, kwenye mvua. Watu wakaguna kama wameona mtoto akianguka. Wino ulianza kutembea pale pale.

Kisha akainama kuvua viatu. Kamba zilikuwa zimerowa, zimejikaza, na vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi. Akafungua fundo moja, la pili likamshinda, akalianza upya. Kichochoro kizima kilikuwa kinamtazama. Mimi pia nilimtazama, wala sikumsaidia.