Keki ya Kuagana

Keki ililetwa kutoka Nyeri mjini, nyeupe, imeandikwa "Asanteni". Wakonyo aliitazama akahisi nyongo ikimpanda. Kwa miaka mingi alikuwa muuguzi wa kifua kikuu katika zahanati ya Karindi, kwenye vilima vya Mukurweini, akiwapa wagonjwa dawa na kuwafuata hadi mashambani wanapokosa kuja. Leo mradi uliomwajiri ulikuwa unafungwa.

Chini ya hema, meneja wa mradi, Bwana Peterson, alishika maiki. "Tumemaliza kazi salama," alisema. "Sasa serikali itaendelea."

"Nani huyo ataendelea?" Wakonyo aliuliza kwa sauti. "Hapa anabaki muuguzi mmoja wa serikali, Nyawira, peke yake. Anazalisha, anachanja, anafunga vidonda. Ako na mikono mingapi?"

"Wakonyo, tafadhali. Leo ni siku ya shukrani."

Shukrani! Mradi uliotangulia ulipofungwa hivi hivi, Gathoni, mkewe Theuri mchuma kahawa, alikuwa katikati ya dawa. Wauguzi wote wa mradi walirudishwa nyumbani, Wakonyo akiwemo, na hakuna aliyemfuata mgonjwa huyo. Gathoni alipata nafuu kidogo, akaacha dawa, na ugonjwa uliporudi ulirudi sugu, ukamuua. Sasa Theuri mwenyewe alikuwa anameza dawa. Alikaa na wagonjwa wenzake kwenye benchi nyuma ya jengo, wamefichwa wageni wasiwaone.

Wakonyo aliinuka akawaendea. "Vaeni barakoa mnifuate. Mmealikwa."

Waliingia hemani, wakakaa kwenye viti vya mbele vilivyofungwa riboni. Theuri alikohoa. Mheshimiwa mmoja akahamisha kiti chake.

"Hawa ni wagonjwa!" Peterson alinong'ona kwa ukali. "Unawaleta hapa kufanya nini?"

"Picha zao umezijaza kwenye ripoti zako. Leo ndio unawaogopa? Hawatoki mpaka uwaambie nani atawapa dawa."

"Bibi yangu nilimzika," Theuri alisema, akimkazia Peterson macho. "Mimi ati nizikwe na nani?"

Peterson alitoka na simu sikioni. Keki haikukatwa. Aliporudi, bila kumwangalia Wakonyo, alitangaza kwamba muuguzi angeletwa Jumatatu.

Akaletwa kweli, msichana mpole aitwaye Raudha. Wakonyo, ingawa hakuwa tena na kazi, alikwenda kumjulisha kwa wagonjwa.

"Wamekutoa wapi?" alimuuliza.

"Zahanati ya ng'ambo ya mto. Nilikuwa wa chanjo za watoto."

"Na huko umemwacha nani?"

Raudha aliinamisha kichwa. "Nilikuwa peke yangu. Wamefunga mlango."

Wakonyo aliipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vya dawa vikaruka. Wameziba shimo kwa kuchimba lingine! Alitaka kutoka mbio akamtafute Peterson popote alipo. Lakini foleni ilikuwa inangoja.

"Keti," alimwambia Raudha. "Huyu wa kwanza anaitwa Theuri. Akikwambia amepona, usimwamini."