Ubao wa Mtu Mfupi

Bibiana alimwaga beseni la kwanza la dagaa juu ya ubao jua lilipochomoza kwenye milima, na kama kawaida dagaa wakasogea wenyewe pembeni. Katikati ikabaki nafasi ya mtu aliyelala chali: kichwa, mabega, mikono imebanwa mbavuni, miguu. Bibiana akawatandaza wale wa pembeni wasilaliane, akafuata beseni la pili. Dagaa wa ubao ule hawakuwa na mchanga, na wanunuzi wa Mpanda walikuwa wanawaulizia.

Ubao wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mlango, umechongoka pua kama mtumbwi, na chini una kijipezi kama cha samaki. Uliletwa na mzungu, fundi wa kimgodi kimoja cha madini ya risasi porini huko nje ya Mpanda. Kwao kulikuwa na bahari, na wanaume wa kwao walisimama juu ya mbao kama zile wakaletwa ufukoni na mawimbi. Alikuja nazo mbili kwa treni, maana kwenye ramani aliona ziwa na Mpanda vimepakana kama kidole na kidole. Alifika Ikola, kijijini kwa Bibiana kando ya ziwa, mara chache. Alisimama majini, akaanguka, akasimama. Watu walimtazama huku wanashona nyavu zao, mpaka mzee mmoja akauliza yule bwana samaki wake anawaweka wapi.

Halafu shimo la mgodi likaporomoka, wakafa wanaume wawili. Machela hazikuwepo, mzungu akatoa mbao zake. Kila maiti akashonewa turubai, akafungwa kamba juu ya ubao, akapakiwa kwenye lori la kwenda kwao. Aliyeletwa Ikola alikuwa Apolinari, mume wa Bibiana. Karani wa mgodi alisema turubai lisifunguliwe, ni amri, basi halikufunguliwa. Walizika jioni ile ile, katekista Makarius akasoma sala, jina likaandikwa msalabani. Mzungu akarudi kwao bila kuuliza habari za mbao. Bibiana akauweka ule wa kwake juu ya mawe, akaanza kuanikia.

Sasa Apolinari alikuwa mtu mrefu. Mlangoni alipita kwa kuinama, na kitandani miguu ilimning'inia. Mtu wa kwenye ubao alikuwa mfupi. Bibiana aliliona hilo siku ya kwanza tu, akapima kwa macho, akapima tena kwa mkono, akaendelea na kazi. Alijiambia labda kufa kunampunguza mtu. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena, akaacha kujiambia.

Mtu mfupi alikuwa msikivu. Bibiana akiwageuza dagaa alimsimulia mambo: mtoto waliyemzika kabla hajapewa jina, ugomvi wake na Apolinari, na asubuhi Apolinari alivyoondoka kwenda mgodini. Yeye Bibiana alikuwa nyuma ya nyumba. Alimsikia anafunga mzigo, anangoja kidogo mlangoni, anaondoka. Hakutoka kumuaga. Hayo hakuwahi kumwambia mtu mwenye pumzi.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa huko Mpimbwe, lori likasimama karibu na dagaa wa Bibiana. Akashuka mwanamke mnene, akawasimamia wanaume wanne wakishusha ubao wa pili. Utingo alikuwa ananung'unika kwamba amedanganywa, huu si mzigo, huyu ni abiria. Mwanamke akamjibu kuwa ni kweli, ni abiria, na ashukuru huyu hatapiki njiani.

Aliitwa Eufrazia, ametoka Usevya. Mume wake Melkior alifia kwenye shimo lile lile. Kwao ubao walianikia mpunga, na mpunga uliacha nafasi ya mtu mrefu, visigino vimezidi nje. Melkior alikuwa wa kupanda kinu ndo afikie chungu cha darini. Wachuuzi wa dagaa ndo waliomwambia kwamba Ikola kuna mama ana ubao wa mtu mfupi.

Bibiana akampa kigoda.

"Kwa hiyo umekaa na mume wangu," alisema.

"Na wewe wangu. Sisi ni wake wenza, dada, ila hatukuulizwa."

"Anasumbua?"

"Huyu? Hana neno. Paka wote wa Usevya wanalala miguuni kwake. Wangu je?"

"Mtulivu."

"Melkior mtulivu? Basi kweli amekufa."

Eufrazia alikuja wabadilishane mbao. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa tangu Kwaresima na alikataa kufa. Alisema hawezi kutangulia wakati mwanawe yuko ugenini kwa wala dagaa.

Wakaanza kuzikagua mbao kama watu wanaobadilishana baiskeli. Wa Bibiana ulikuwa mti mwekundu, mzito, umechubuka pua. Wa Eufrazia ulikuwa mti mweupe, mwepesi, pezi limeng'oka, na ubavuni una ufa aliouziba kwa nta ya nyuki. Bibiana aliusema sana ule ufa. Aliugusa, akauliza kama unaingiza maji, akaugusa tena. Kusema habari za ufa kulikuwa rahisi.

Mwisho akauliza kama si bora wafukue, kila maiti apelekwe kwao, mbao zibaki zilipo. Wakaenda kwa Makarius. Makarius akapanda lori lile lile kwenda kuuliza mgodini, na Eufrazia akabaki Ikola, akawa anaanika dagaa na mwenzake. Alikuwa anawageuza vibaya, anawavunja vichwa, na Bibiana akamwambia kama mpunga wa Usevya unageuzwa hivyo basi wanakula pumba. Mbao zilikaa sambamba. Dagaa wa huku wakaacha mtu mfupi, wa kule wakaacha mtu mrefu. Bibiana alipita upande wa mrefu kwa haraka, kama mtu anayepita kwa mdai wake.

Makarius alirudi na vumbi hadi kwenye kope.

"Wanasema maiti walikuwa wawili na wajane wawili," alisema. "Kila mjane amepata maiti mmoja. Hesabu imetimia."

"Ulisema wamepishana?" Bibiana aliuliza.

"Nilisema. Wakasema wao wanahesabu vichwa, majina ni juu yenu. Makaburi yasiguswe."

Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Siku ile Bibiana hakuanika. Alikaa katikati ya zile mbao na Eufrazia, wanachambua dagaa wa kula.

"Apolinari ulimwambia nini, muda wote huo?" aliuliza.

"Kila kitu. Hata ambayo Melkior hakuwahi kuyajua." Eufrazia akatupa kijiwe kilichoingia kwenye dagaa. "Na wewe?"

"Hivyo hivyo."

"Basi kila mmoja anarudishiwa mtu asiyejua lolote."

Bibiana akachambua mpaka beseni likaisha. Angeweza kukataa, hakuna wa kumlaumu. Mtu mfupi alikuwa amesikia yote na hajawahi kuondoka. Ila kule Usevya kulikuwa na mzee amelala macho wazi.

"Mpeleke kwa mama yake," alisema.

Akaloanisha kitambaa akaufuta ubao magamba, kuanzia kichwani, taratibu, akasaidia kuupakia. Utingo aliunyanyua upande mmoja, akamkadiria nauli ya mtoto.

Kesho yake Bibiana akamwaga dagaa juu ya ubao mweupe. Wakasogea. Safari hii nafasi ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala ubavu, magoti ameyakunja, na kwa kukunja hivyo miguu ilitosha. Uso aliuelekeza Usevya. Mgongo ulikuwa upande wa kigoda cha Bibiana. Bibiana akawaita majirani wakaugeuza ubao. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshajigeuza, anatazama Usevya. Bibiana akahamisha kigoda, akakaa upande wa uso, akamwambia, "Nilikuwa nyuma ya nyumba." Kufika saa sita Apolinari alikuwa ameugeukia ukuta wa nyumba. Dagaa walikauka vizuri tu.

Wachuuzi wakaleta habari kwamba mama yake Melkior amefariki, salama, mkono wake juu ya ubao.

Jumapili baada ya sala, Bibiana akapanda makaburini. Akafika kwenye msalaba ulioandikwa Apolinari, akang'oa majani, akaketi, akanyoosha miguu. Akamwambia Melkior pole kwa msiba wa mama. Halafu akaanza kumsimulia habari za nyumbani, kwamba mume wake amerudi, na kwamba hamsemeshi.